Kapu Kwenye Bango

Basi lilikuwa limeshaiacha Milwaukee nyuma na jua lilikuwa bado halijatoka, lakini Rudy Kessenich alikuwa anaendelea kumtukana refa wa Jumamosi iliyopita. Alisimama katikati ya viti, kikombe cha kahawa mkono mmoja, skafu mkono wa pili, akawa anatuonyesha jinsi beki wa wageni alivyoucheza mpira kwa mkono ndani ya boksi.

"Hivi! Kama anapokea mtoto mchanga kwa mkunga! Halafu refa anakwenda kutazama video, anatazama weee, anarudi, anasema tucheze."

"Mkono ulikuwa umeshikamana na mwili," alisema Lyle Haugen kutoka kiti cha mbele, bila kugeuka.

"Nani kakuuliza wewe, refa?"

"Unapiga kelele sikioni mwangu. Nikadhani unaniuliza mimi."

"Hata mama yangu aliuona ule mkono, Lyle, na mama yangu ana mtoto wa jicho macho yote mawili!"

Basi zima likacheka. Lyle alikuwa dereva wa magari ya manispaa ya kusukuma theluji mpaka akastaafu, na asubuhi za Jumamosi alipuliza filimbi kwenye mechi za watoto. Kwa Rudy hiyo ilitosha kumfanya mtu wa upande wa pili. Walikuwa wamekaa kiti jirani kwenye basi la mashabiki tangu timu ianzishwe, na sijawahi kuwasikia wakikubaliana, hata juu ya hali ya hewa.

Tulikuwa tunakwenda Des Moines, mechi ya mwisho ya msimu. Tukishinda tunaingia mtoano. Tukitoka sare au tukifungwa, tunakwenda kungoja theluji kama kawaida yetu.

Kwenye basi lile mjadala wowote ukianza na refa unaishia kwenye pesa. Ligi yetu ina kikomo cha mishahara. Kila timu ina kiasi kilekile cha kutumia, iwe ya mji wa matajiri au ya mji wa bia na soseji kama wetu, isipokuwa kwa nyota watatu, ambao mwenye timu anaweza kuwalipa anavyotaka na kikomo kikafumba macho. Juu ya hapo kuna kitu wanakiita pesa za mgao. Hizo huwezi kununulia mkate. Ni nafasi tu ndani ya kikomo, na timu zinauziana nafasi hizo kwa wachezaji. Mimi nimefanya kazi kwenye meli za mawe ya chuma, nimechuma cheri kule Door County, nimeuza miti ya Krismasi kando ya barabara, na sijaona biashara nyingine ambayo mtu mmoja anauzwa ili ipatikane nafasi ya kumlipa mwingine.

Mwaka ule aliyeuzwa alikuwa Pheng Lor. Klabu ilileta mshambuliaji kutoka Ureno, nafasi ikakosekana, na Pheng, winga wetu, kijana aliyelelewa na shule ya soka ya klabu, akapelekwa Des Moines kwa mgao. Ndiye tuliyekuwa tunakwenda kucheza naye.

"Sheria gani hiyo?" Rudy alisema. "Mwenye timu ana pesa. Anataka kutumia. Ligi inamwambia, aa, bwana, funga pochi. Nchi gani hii?"

"Bila kikomo," Lyle akasema, "wale wa pwani wangeshanunua kila mtu, na wewe Jumamosi ungekuwa unatazama kuku wa jirani."

"Kuku wa jirani wana winga mzuri kuliko sisi sasa hivi!"

Hapo kicheko kikakatika, kwa sababu watu walikumbuka kwamba Verna Dombrowski yumo ndani ya basi.

Verna alikuwa anakaribia miaka sabini na mitano. Maisha yake yote alichora maandishi kwenye vioo vya baa na vya wauza nyama, na ndiye aliyekuwa mchoraji wa mabango yetu. Mumewe alipofariki, nyumba ikawa kubwa mno, akakubali kumpokea kijana wa shule ya soka, kama familia nyingi za Milwaukee zinavyofanya. Kijana mwenyewe akawa Pheng, mtoto wa Wahmong, watu waliokuja kwetu kama wakimbizi, kutoka Wausau, mji wa kaskazini, miaka kumi na minne, mwembamba, hajawahi kulala nje ya kwao. Alikaa kwa Verna mpaka akawa mtu mzima, na hata alipopata mshahara wake na chumba chake mjini, Jumapili alikuwa anakula kwake.

Sasa nieleze kilichotokea redioni, maana bila hicho hakuna hadithi. Jumatano jioni kuna kipindi cha mashabiki. Verna alikuwa akipiga simu kila wiki, na watu walimsikiliza kwa sababu alizijua sheria za usajili kuliko mtangazaji. Wiki ile klabu ilipokuwa inatafuta nafasi ya Mreno, mtangazaji alimuuliza: Mama Verna, ungekuwa wewe ndiye mkurugenzi, ungemuuza nani? Na Verna, ambaye hajui kujibu nusu nusu, akasema: Pheng. Akaeleza kwa nini. Wengine wote ni wazee au majeruhi, hakuna atakayetoa mgao wa maana kwa ajili yao. Kijana wa nyumbani ndiye pekee mwenye bei. Alieleza vizuri sana. Mwisho wa wiki klabu ikafanya hivyohivyo.

Pheng hakuja kuaga. Viatu vyake vya mvua vilibaki chini ya ngazi za Verna. Simu alizompigia hazikupokelewa, na Verna akaacha kupiga. Tangu hapo hakuwa na swali jingine ila hili: je, mtoto yule bado anamhesabu kuwa mtu wake, au basi?

Tulipokaribia Madison, kiongozi wetu Marisol Treviño alisimama na spika yake ya mkono. Huyu ni muuguzi, na sauti yake anaijua mgonjwa na asiyeumwa.

"Ndugu zangu, tuna jambo la bango. Mnajua utaratibu. Bango likibadilishwa, linapigiwa kura. Bi. Verna amebadilisha."

"Bango lipi?" mtu akauliza nyuma.

"La Pheng."

Makelele yakazuka. Bango lile Verna alikuwa amelichora kiangazi, kabla ya mauzo, uso wa Pheng mkubwa kama ukuta wa gereji, kwa ajili ya mechi ya nyumbani ambayo hakuicheza. Kilikuwa kioja chetu: tulikuwa na bango zuri kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo, la mchezaji wa timu nyingine.

Verna akainuka, akishikilia kiti. "Nimeongeza kitu pembeni," alisema. "Kapu."

Simu yenye picha ikapita mkono kwa mkono. Kweli, chini ya uso wa Pheng, upande wa kulia, palikuwa na kapu la ukili lenye mpini mmoja uliokatika.

"Kapu la nini tena?" Rudy akauliza. "Tunamwambia afungashe? Ameshafungasha."

"La nguo chafu," Verna akasema. "Lipo jikoni kwangu. Sheria ya nyumba yangu ilikuwa jezi ya mazoezi hailali chumbani, inanuka mpaka mapazia. Basi yule, badala ya kuitia kapuni kama binadamu, alikuwa akiingia tu anaivua na kunirushia. Niko na sufuria, niko na simu, hajali. 'Mama V, daka!' Kila siku ya Mungu."

"Ulikuwa unadaka?"

"Mwanzoni ilinipata usoni. Baadaye nikazoea."

Watu wakacheka kidogo. Rudy hakucheka. "Bi. Verna, nakuheshimu," alisema. "Lakini leo huyu ni adui. Tunahitaji pointi tatu. Tunapandisha uso wa adui kwenye upande wetu? Watatucheka mpaka Ziwa Michigan likauke."

"Nimesema redioni auzwe, mbele ya mji mzima," Verna akasema. "Nataka na hili nilionyeshe mbele ya watu. Mkikataa, sitanuna."

"Utanuna," Lyle akasema.

"Nitanuna, lakini sitawaambia."

Kura kwenye basi letu inapigwa kwa kuinua skafu, na anayehesabu ni dereva, kupitia kioo chake, kwa sababu dereva hana timu. Yule wa siku hiyo alikuwa mtu wa mpira wa kikapu tu. Alitazama kioo, akatazama barabara, akatazama kioo tena.

"Wenye kapu wameshinda," alisema. "Lakini sio kwa mbali. Na yule bwana wa kahawa akae chini, ananizibia."

Rudy akakaa.

Tulivuka Mississippi pale Dubuque, tukaingia Iowa, mahindi yameshavunwa, mashamba yamebaki vishina. Tulikula jibini mbichi, ile inayolia menoni, na mabishano yakarudi kwa refa.

Kwenye geti la wageni Des Moines palikuwa na kizuizi. Mashabiki wa ugenini wanatakiwa kupeleka picha za mabango yao mapema, na mlinzi analinganisha. Huyu alikunjua kona ya kitambaa, akaangalia karatasi yake, akaangalia kitambaa.

"Kapu hili halimo kwenye picha."

"Ni kapu la nguo chafu, kaka," Marisol akamwambia.

"Lina maana gani?"

"Lina maana nguo chafu zinawekwa kapuni."

Mlinzi akalitazama muda. "Basi nilipeleke kwangu," akasema, "nina vijana watatu." Akatupisha.

Mimi nilishika mti mmoja wa bango, Verna akakaa mstari wa kwanza kabisa, ukutani, ambapo kati yako na uwanja kuna matangazo ya plastiki tu. Timu zilipotoka tukapandisha. Wenyeji walishangaa kwanza, halafu wakatupigia makofi, halafu wakakumbuka sisi ni wageni, wakatuzomea. Pheng alikuwa kwenye mstari wa kusalimiana. Nilimwona anageuza kichwa. Akatazama chini. Akatazama tena. Hakupunga mkono, hakutabasamu, na filimbi ikalia.

"Ameona?" Verna aliniuliza.

"Ameona."

"Amefanya nini?"

"Hakufanya kitu, Verna."

Akaitikia kwa kichwa, akashika ukuta kwa mikono miwili, akatazama mpira.

Kipindi cha kwanza hakikuwa na lolote ila kadi ya njano moja, na aliipata Pheng. Alimvuta jezi beki wetu aliyekuwa anamkimbia. Rudy akaomba nyekundu. Lyle akasema njano inatosha. Rudy akasema Lyle akafungue duka la njano.

Kipindi cha pili kilikuwa kimeshazeeka, bado hakuna bao, mpira ulipopigwa mrefu nyuma ya mabeki wetu, upande wetu kabisa. Pheng aliukimbilia, akaupunguza kwa kifua, akampita kipa, akafunga. Uwanja ukalipuka. Mchezaji mwenye adabu akiifunga timu yake ya zamani hashangilii, anainua mikono kama anayeomba radhi, anarudi kati. Tulimngoja afanye hivyo.

Hakufanya. Alikuja mbio moja kwa moja kwetu, na mara bia zikaanza kurushwa kutoka juu, kwa sababu watu walidhani anakuja kutukebehi. Alipofika kwenye matangazo akavua jezi, akaikunja mkononi, akapaza sauti:

"Mama V, daka!"

Na Verna akadaka. Kwa mikono miwili, kifuani, mwanamke wa umri ule, kama hakuwahi kufanya kazi nyingine.

Basi. Hapo ndipo ungependa hadithi iishe. Lakini refa alikuwa anatembea kuja, wala hakuwa na haraka, mkono mfukoni. Kuvua jezi baada ya bao ni njano. Pheng alikuwa na njano. Refa alimwonyesha ya pili, halafu nyekundu. Pheng alisimama na fulana yake ya ndani, akatazama kadi kama mtu aliyeamshwa.

"Nje!" Rudy alikuwa anapiga kelele. "Nje! Nje!" Halafu akageuka akamwona Verna na jezi mikononi, na sauti ikamwishia.

Pheng alikuwa bado hajafika mlangoni refa alipogusa kifaa chake cha sikioni. Video. Tukangoja. Refa akasikiliza, akanyoosha mkono: ameotea. Goti lake lilikuwa mbele ya beki. Bao hakuna.

Nimesikia kelele nyingi viwanjani, lakini ile ilikuwa ya ajabu, maana upande wao na upande wetu tulikuwa tunauliza swali moja. Kama bao halipo, alishangilia nini? Na kama hakuna alichoshangilia, kadi inatoka wapi?

"Irudishwe!" Rudy alianza kupiga kelele, huyohuyo Rudy. "Bao limefutwa, kadi ifutwe! Lyle! Mwambie!"

"Haifutwi," Lyle akasema. "Bao likikataliwa, kadi ya jezi inabaki. Imeandikwa."

"Nani mjinga aliyeandika?"

"Sijui. Lakini imeandikwa."

Pheng akaingia ndani. Wenyeji walibaki kumi, na dakika za nyongeza Mreno wetu akafunga kwa kichwa. Moja bila. Tulikuwa tumeingia mtoano. Marisol alilia, Rudy alimbusu dereva, aliyekuwa ameingia nasi. Verna alikuwa amekaa, jezi ya timu ya wapinzani imekunjwa vizuri magotini.

Njiani kurudi watu waliimba mpaka Cedar Rapids, halafu wakachoka, na mjadala ukaanza upya, sasa kwa upole wa watu walioshinda. Rudy alishikilia kwamba sheria imekosewa. Alisema kadi ya kitu ambacho hakikutokea ni kama kumtoza mtu nauli ya basi lililoharibika. Lyle alisema mtu hakuadhibiwa kwa bao, ameadhibiwa kwa kuvua, na kuvua kulitokea, ushahidi huo hapo magotini.

Jua lilikuwa upande wa dirisha la Verna.

"Lyle," alisema. "Ungekuwa wewe na filimbi, ungemtoa?"

Lyle alivua kofia, akaitazama ndani.

"Ningemtoa," alisema. "Nisingefurahi, lakini ningemtoa."

"Ungemtoa mtoto aliyenirushia jezi."

"Ndiyo, Verna."

"Haya," Verna akasema. "Usingemtoa, usingekuwa wewe."

Simu yake ikalia tukiwa tunakaribia mto. Alitazama jina, akanipa nimshikie jezi, kama simu na jezi visingeshikika pamoja. Rudy akanyanyua mkono, basi lote likanyamaza. Sauti ya kijana ilisikika mpaka kwenye viti vya nyuma, maana Verna hasikii vizuri na simu yake imefunguliwa mpaka mwisho.

"Mama V, umeifua?"

"Niko kwenye basi, mtoto. Nitaifulia wapi?"

"Usiitie kwenye mashine ya kukausha. Namba zitabanduka."

"Nimefua jezi zako miaka yote ile, leo unanifundisha kufua?"

Halafu Verna akasema, "Ile ya redioni, Pheng."

"Niliisikia. Tulikuwa chumba cha kuvalia, wote."

"Nilisema vile kwa sababu..."

"Najua kwa nini. Ulisema kweli, ndicho kilichoniudhi. Angesema mjinga nisingejali." Akavuta pumzi. "Kocha hapa ananitafuta anichinje. Nitakuja kuchukua viatu vya mvua Jumapili. Utapika?"

"Nitapika," Verna akasema, akakata simu kabla hajaaga, kisha akageukia dirisha na hakuna aliyemsemesha mpaka tulipovuka.

Rudy alinong'ona, lakini kunong'ona kwake ni kama kelele za mtu mwingine: "Bado nasema kadi ifutwe."

Tulitolewa mtoano mechi ya kwanza. Pheng alikosa mechi moja kwa ile nyekundu na klabu yake ikamkata sehemu ya mshahara. Timu yake nayo haikufika mbali. Alichukua viatu Jumapili ile, akaviacha tena. Baadaye aliuzwa mara mbili zaidi, zote kwa mgao, akaumia goti, na sasa anafundisha soka Wausau. Mreno alirudi kwao baada ya msimu mmoja. Marisol aliacha spika alipopandishwa cheo hospitalini. Rudy alihamia Arizona kwa ajili ya mgongo wake na anapiga simu kwenye kipindi cha Jumatano kutoka huko. Lyle alifariki mwanzoni mwa masika, nyumbani kwake. Kwenye mazishi Rudy alikuja kwa ndege na akabishana na kasisi kuhusu saa ya kuanza. Bango lilikatwa, na nusu yenye kapu inafunika mashua ya shemeji yake Verna wakati wa baridi. Kikomo cha mishahara bado kipo. Ile kadi haikufutwa. Verna bado yuko Milwaukee, haonekani tena kwenye basi, na jezi aliifua kwa mkono.